Lenzi ya makro ya kupigia wadudu: angalia umbali kwanza

Anayeanza kupiga picha za wadudu huuliza lenzi ipi inakuza zaidi. Mimi ningeuliza kwanza: wakati wa kubonyeza, mdudu atakuwa umbali gani na kioo cha mbele?

Soma vipimo kwa makini. Lenzi ya Canon ya mm 60 (huo ni urefu wa fokasi, si urefu wa lenzi yenyewe) inaweza kusogea hadi sm 20, na zile za mm 90 au 100 hadi sm 30 hivi. Lakini umbali huo hupimwa kuanzia kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha ndani ya kamera. Toa unene wa kamera na urefu wa lenzi yenyewe, utabaki na sm 9 hivi kwa ile ya 60, na kama 14 kwa ya 100. Ukifunga kofia ya lenzi, ile ya kukinga mwanga wa pembeni, zinapungua tena. Kerengende aliyetua kwenye tete hukubali sm 14 asubuhi mapema, mwili ukiwa bado na baridi. Sm 9 hakubali. Vunjajungu ni mstahimilivu, atakugeuzia kichwa tu. Majimoto nao hawakimbii: ukishika tawi la mwembe wao, ni wewe utakayekimbia.

Kwa hiyo anza na mm 90 au 100, hata iliyotumika. Tamron wanatengeneza makro ya 90 tangu 1979, na matoleo ya zamani bado yanatoa picha safi. Hakikisha imeandikwa 1:1, yaani mdudu anatokea kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi. Zumu nyingi zenye neno "macro" ubavuni hazifiki hata nusu ya hapo. Lenzi ya mm 180 ni tamu kwa vipepeo, ila ni nzito na ghali. Canon MP-E 65 inakuza hadi mara 5, lakini iache kwanza, maana haianzii chini ya 1:1 na kipepeo mzima haingii kwenye picha.

Mfuko ukiwa mwepesi, bana Raynox DCR-250, kilenzi cha kukuzia, mbele ya lenzi ya zumu uliyo nayo. Pesa inayobaki nunua flashi, uifunike kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Kwenye 1:1 na f/11 (tundu la lenzi likiwa dogo), sehemu inayoonekana kali haizidi sana mm 1, na mwanga unaofika kwenye sensa ni mdogo mno. Zima fokasi ya otomatiki, lenga jicho, kisha sogea taratibu mbele na nyuma kwa mwili huku ukibonyeza.