Kabla hujasema mmea wako unatuliza maikroglia, pima bila seli

Usianze Jumatatu. Umeandika kwamba utazimwagia seli za BV-2 (maikroglia za panya zinazokuzwa maabara; maikroglia ni seli za kinga za ubongo) kurkumini, kemikali ya rangi ya binzari manjano, na dondoo la majani, kisha LPS, kipande cha ukuta wa bakteria kinachowasha mchochota, kesho yake unapima naitraiti (mabaki ya naitriki oksaidi, ambayo seli hizo hutoa zikiwashwa) kwa kitendanishi cha Griess na kumalizia na MTT kuonyesha seli ziko hai. Unauliza uyeyushe kwa DMSO au ethanoli, LPS iwe kiasi gani, na lini uhamie seli zilizotolewa moja kwa moja kwenye ubongo wa panya. Hayo yatasubiri. Mpango ulivyo sasa utakupa matokeo mazuri ya uongo.

Nayajua kwa sababu ndio mpango niliokabidhiwa mimi, neno kwa neno. Tulikuwa na kwesetini, kemikali ya mimea, na dondoo kadhaa. Dozi ikipanda, naitraiti inashuka. MTT ikasema seli zote wazima, na kwenye dozi ya juu ikapita asilimia 100. Maabara nzima ikafurahi. Zikanunuliwa kingamwili za iNOS, kimeng'enya kinachotengeneza naitriki oksaidi, na vifaa vya kupimia TNF-alfa, protini ya mchochota, bajeti ikaishia hapo, na hakuna kati ya vipimo hivyo kilichoshuka pamoja na dozi. Mtu alipoziangalia seli za dozi ya juu kwa hadubini, nyingi zilikuwa zimebanduka zinaelea. Zilikuwa zimekufa.

Seli iliyokufa haitengenezi naitriki oksaidi, kwa hiyo naitraiti lazima ishuke. Hapo MTT ndiyo ilitakiwa kupiga kelele. Lakini MTT ni chumvi ya njano inayogeuka zambarau ikipokea elektroni, na kwenye seli hai kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya. Polifenoli, kundi la kemikali za mimea zikiwemo kwesetini na kurkumini, nazo ni hodari wa kutoa elektroni: zinaigeuza zambarau zenyewe, hata pasipo seli hata moja. Kosa la kwanza linafichwa na la pili, na grafu inatoka safi kabisa. Ongeza la tatu: polifenoli nyingi huidaka naitriki oksaidi yenyewe, hivyo Griess inashuka wakati iNOS iko palepale. Hiyo ni kemia ya kwenye sahani, na mchochota ndani ya maikroglia haujaguswa.

Aliyetupa itifaki ile alikuwa na uzoefu wa miaka. Nilimuuliza vishimo (vijichumba vya sahani ya kupimia) visivyo na seli viko wapi, akajibu tusipoteze sahani. Sahani moja! Bado inanichoma, kwa sababu karatasi yenye itifaki ileile inaendelea kupita mkono kwa mkono, na sasa naiona kwako.

Kwa hiyo kila dozi iwe na vishimo vyake visivyo na seli. Kimoja: dawa, midia (kimiminika cha kukuzia seli) na MTT. Kikigeuka zambarau, itupe MTT kwa dawa hiyo. Hesabu seli kwa tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa, na upime LDH iliyovuja, kimeng'enya kinachotoka seli ikipasuka, nayo ukiijaribu bila seli kwanza. Kingine: dawa na naitraiti ya sodiamu ya kiwango unachokijua, kisha Griess. Usomaji ukipungua, dawa inavuruga kipimo. Cha tatu: dawa na kemikali inayoachia naitriki oksaidi yenyewe, uone kama inadakwa. Dawa ikivuka majaribio yote hayo ndipo uangalie mRNA na protini ya iNOS, maana hapo ndipo utaanza kujua kama ishara ya TLR4 (kipokezi cha LPS) kwenda NF-kB (protini inayowasha jeni za mchochota) imeguswa kweli.

Na kurkumini uiogope zaidi. Mwaka 2017 wanakemia walichapisha tathmini ndefu katika Journal of Medicinal Chemistry wakiihesabu miongoni mwa molekuli zinazovuruga vipimo, na katika majaribio ya tiba zaidi ya 120 hawakuona hata moja la upofu maradufu (mgonjwa na daktari wote hawajui nani kapewa nini) lenye dawa bandia lililofaulu. Kwenye bafa ya pH 7.4 isiyo na seramu, sehemu kubwa huvunjika ndani ya nusu saa. Tena ina rangi ya njano kali, kwa hiyo pima dawa peke yake na uondoe usomaji huo kwenye hesabu kila mara.

Pima sahani hiyo ya bila seli, weka namba zake hapa kabla hujafungua chupa ya LPS. Nitazisoma zote.