Umelipa, lakini bado ni mgeni: usiku wangu kwenye gesti ya kale Hardanger

Juzi msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Dada, mwezi wa sita mimi na mume wangu tunaenda Norway kwenye harusi ya wifi yangu. Tumeona nyumba ya wageni ya zamani sana huko kijijini. Inafaa, au tutajuta?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja. Nilipoanza kuandika kidonda kikachubuka, kwa hiyo leo mtanisikiliza wote.

Nililala kwenye nyumba ya namna hiyo mwaka juzi, mwishoni mwa Mei, kando ya Hardangerfjord, mkono mrefu wa bahari magharibi mwa Norway. Jina silitaji, maana aibu iliyotokea pale ni yangu, si yao. Nilikuwa nimemaliza mafunzo Bergen, nina vijisenti nilivyojibana kuviweka, nikaapa siondoki nchi ile bila kulala mahali penye historia. Mwenzangu niliyesoma naye alikubali shingo upande. Yeye roho yake ilitaka hoteli ya mjini yenye lifti.

Nilipompigia mama kumwambia naenda kulala gesti, alinyamaza. Kwetu neno hilo lina sifa zake. Ilibidi nimweleze kwamba Wanorwe nyumba hizi waliziita gjestgiveri, mahali pa kupokea mgeni, na kwamba gjest yao na gesti yetu ni ukoo mmoja, ila ya kwetu imeharibikiwa ilipofika mjini.

Historia yenyewe ndiyo iliyonivuta. Upande ule wa Norway bahari inaingia ndani kabisa katikati ya milima, na zamani barabara zilikuwa za kutafuta. Msafiri alikwenda kwa farasi au kwa mashua ya makasia, kituo hadi kituo, na sheria iliwabana wakulima wa eneo watoe farasi, mashua na mtu wa kumfikisha mbele. Utaratibu huo uliitwa skyss. Usiku ukikukuta kituoni unalala hapohapo, na ndivyo nyumba nyingi za wageni zilivyoanza. Kituoni palikuwa na daftari: unaandika jina lako, unakoelekea, na kama farasi alicheleweshwa unaandika na malalamiko yako. Hoteli ya Walaker, kijiji cha Solvorn, imekuwa mikononi mwa familia moja tangu 1690. Ile ya Utne, hapohapo Hardanger, inapokea wageni tangu 1722, na katika karne ya 19 aliyetamba pale alikuwa Torbjørg Utne, ambaye wasafiri walimjua kama Mor Utne, yaani Mama Utne. Nilicheka peke yangu. Mama lishe wa Hardanger!

Sasa aibu yangu. Tulifika Jumapili mchana. Mwenye nyumba, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alituonyesha chumba, ngazi nyembamba kama za kupandia darini, kisha akasema chakula cha jioni ni saa moja. Saa moja, wageni wote pamoja. Nikaitikia vizuri tu. Nikaacha simu kwenye chaji, nikatoka kutembea. Miti ya tufaa ilikuwa imechanua maua meupe mpaka ukingoni mwa maji, juu yake milima bado ina theluji. Nilikaa kwenye jiwe, nikatembea tena, nikakaa tena. Kila nikitazama jua, liko juu. Mimi mtoto wa Morogoro, saa yangu inaanza na jua na inaisha na jua. Nikajisemea hata saa kumi na mbili haijafika.

Mwisho wa Mei, jua la kule linazama karibu na saa tano usiku.

Nilirudi saa tatu na nusu. Meza zimefutwa. Mwenzangu alikuwa ameketi peke yake saa mbili nzima kati ya wazee wa Kinorwe, kiti changu kitupu pembeni yake, kila sahani ikija anaulizwa mwenzio yuko wapi. Duka la kijiji limefungwa, Jumapili karibu maduka yote ya nchi ile hufungwa. Mwenye nyumba alinitazama, akaingia jikoni, akarudi na mkate, chai, na vipande vya ile jibini yao ya kahawia yenye utamu kama karameli. Hakunigombeza, na hakutabasamu. Afadhali angenigombeza.

Mwenzangu yeye alinigombeza, tena si mbele yangu. Tulivyorudi tu, katuma sauti kwenye kundi letu: "Mwenzenu kalipa hela ya kodi ya mwezi kulala kwenye ghala la mbao linalolia usiku kucha." Watu wamecheka mpaka leo. Nilimwomba radhi mara tatu. Sijui alitaka ya nne.

Ni kweli, sakafu ya mbao inalia. Jirani akigeuka kitandani unajua amegeukia upande gani. Na ni kweli si rahisi. Pesa niliyotoa bado naikumbuka kwa jina. Lakini nikiulizwa tena, nalipa tena.

Kwa hiyo, dada wa Mwanza, uliza. Uliza saa ya chakula, kisha weka kengele ya simu, usiamini jua. Uliza kama choo na bafu vimo chumbani. Uliza kuhusu ngazi kabla hujafungasha sanduku la kilo 23. Chochote utakachohitaji Jumapili, kinunue Jumamosi. Na mume wako mwandae kisaikolojia: kule hata wanandoa, kila mtu hufunikwa duveti lake. Narudia, uliza saa ya chakula.

Na hapa niseme ukweli, mkasirike msikasirike. Tumezoea kwamba aliyelipa ndiye bosi. Tunafika hotelini tunapiga makofi kuita mhudumu, tunaagiza ugali saa sita usiku, tukikosa tunasema huduma mbovu. Nyumba hizi si hivyo. Kuna mtu aliyeamka kukanda mkate, na babu zake walishaamshwa vya kutosha na wasafiri wenye haraka kwa amri ya serikali. Wewe njoo na adabu yako uliyofundishwa na bibi: fika kwa wakati, kaa unapoonyeshwa, kula ulichopewa. Wanorwe wakimaliza kula husema takk for maten, asante kwa chakula, kama sisi tu. Mimi usiku ule neno hilo lilinikwama.

Asubuhi nililipata. Mlangoni palikuwa na kitabu cha wageni, nikaandika kwa Kiswahili mistari miwili. Mwenye nyumba akasogea, akauliza imeandikwa nini. Wa kwanza ulisema samahani kwa kiti kitupu. Wa pili ulisema asante kwa mkate. Mwenzangu alikuwa amesimama na sanduku lake, anasikiliza, basi limekaribia. Nikatafsiri wa pili tu.