Jirani Akijenga Bila Kibali, Wahi Kabla ya Slabu

Ukiona lori limemwaga mawe kwa jirani na hakuna bango la mjengo getini, usingoje. Nilimsindikiza mamangu katika kesi ya aina hii, kutoka kwetu Kasarani, Nairobi, hadi mahakama za Milimani, na jambo moja nimelishika: mahakama husimamisha mjengo kwa wepesi kuliko inavyoubomoa.

Anza kwa kuuliza kibali cha kaunti. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, kujenga bila kibali ni kosa linaloweza kumtoza mtu faini ya hadi shilingi 500,000. Andika malalamiko, uyapeleke City Hall, makao makuu ya kaunti ya Nairobi, na nakala yako igongwe muhuri. Kaunti ikimpa jirani notisi ya kusimamisha kazi, ana siku 14 za kukata rufaa.

Wakati huo piga picha. Mama alikuwa anapiga kila jioni mafundi wakishaondoka: vyuma vya nguzo vikiwa vimeufunika mpaka, maji ya zege yakitiririka hadi mlangoni pa jikoni. Wakili alizibandika zote kwenye hati ya kiapo.

Sasa hapa ndipo watu wengi huumia. Ikiwa ugomvi wenu ni wa mpaka, yaani ukuta umeingia kwako, usikimbilie kortini kwanza. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaizuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla ya msajili wa ardhi kuuamua. Mwandikie msajili, aje na serveya, bikoni (alama za mpaka zilizochimbiwa ardhini) zitafutwe, ripoti itoke. Inauma sana mtu kulipa wakili halafu kesi itupwe kwa sababu hiyo.

Ukiomba zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha mjengo hadi kesi iamuliwe, katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, utapimwa kwa kipimo ambacho majaji hukitoa katika kesi ya zamani ya Giella ya 1973: je, una kesi yenye uzito, je, madhara yako hayawezi kufidiwa kwa pesa, na kama jaji bado ana shaka, nani ataumia zaidi? Jengo likishafika orofa ya tatu huku ulikuwa umenyamaza, swali la fidia linakugeukia wewe: jaji anaweza kuona kwamba pesa zinakutosha.

Na tafadhali, usichukue nyundo mwenyewe, hata kama haki ni yako. Utashtakiwa kwa kuharibu mali. Mwambie wakili aombe kwamba jirani apewe muda wa kubomoa mwenyewe, na akikataa, kazi ifanywe kwa gharama yake.