Barua kwa mwanangu: hukuniuliza kuhusu kwetu

Mwanangu,

Ijumaa ulipopiga simu kuuliza kama upande wa mama yako kuna aliyeugua saratani ya ziwa, mama yako alijibu hakuna. Ukashukuru, ukasema basi kipimo cha jeni hukihitaji. Nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza. Mama yako amesema kweli ya kwao. Ya kwetu hukuuliza.

Wengi hudhani ugonjwa huo hurithiwa kwa mama tu. Sivyo. Baba mwenye hitilafu katika BRCA1, jeni ambalo likiharibika huongeza hatari ya saratani hiyo, humrithisha mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, sawasawa na mama, na mwenyewe anaweza kuzeeka salama. Bibi yako aliyenizaa alifariki na miaka 41. Shangazi yako mkubwa, 36. Aliyemfuata, 39. Wote ziwa.

Ninyi mlichoka kunisikia nikisema ukoo uandikwe. Leo nikuambie neno hilo nililitoa wapi.

Mwaka 1983, baada ya hitima ya shangazi yako mkubwa, wazee walikaa barazani na daftari la rambirambi. Kila jina lina shilingi zake. Hata aliyeleta kilo mbili za mchele aliandikwa. Umri wa marehemu haumo, wala ugonjwa. Mzee mmoja akalifunga, akasema, "Mama, kisha binti, ugonjwa ule ule. Hapa pana mkono wa mtu." Wote wakamgeukia bibi yako mdogo, mke mwenza wa mama. Yeye ndiye aliyetulea mama alipokufa! Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza mgonjwa kitandani usiku kucha. Hakulia. Aliingia ndani, akatoka na sanduku lake la bati la kijani.

Nilikuwa na miaka 22, nimemaliza kidato cha sita, biolojia nimeisoma. Nilimbebea sanduku hadi kituo cha basi bila kusema neno. Mpini wa sanduku ulikuwa umekatika, akafunga kamba ya katani, na alama ya kamba ile ilikaa kiganjani mwangu siku mbili. Hakurudi tena. Miaka minane baadaye akafa shangazi yako wa pili, na bibi mdogo alikuwa kaburini zamani. Huyo naye alirogwa na nani?

Mara nyingine najitetea: ningesema nini, nani alijua wakati ule? Lakini alikuwepo aliyekuwa akiuliza. Mary-Claire King, mtafiti wa Marekani, alianza kulitafuta jeni hilo mwaka 1974, wakati wataalamu wengi hawakuamini kwamba lipo. Alikusanya koo 23 zenye wagonjwa 146. Picha haikueleweka mpaka koo zilipopangwa kwa umri wa kuugua. Zile ambazo wanawake waliugua wakiwa bado vijana ndizo zilizoelekeza kwenye kromosomu ya 17, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, akatangaza mwaka 1990. Umri, mwanangu! Kile kile ambacho daftari letu halikukiandika. Jeni lenyewe lilipatikana mwaka 1994. Kazi yake ni kusaidia kuunga DNA, yaani maandishi ya urithi, inapokatika ndani ya chembe. Likiharibika, makosa hurundikana, na saratani hupata nafasi.  Koo zilizoandikwa ndizo zilizolifichua, ndiyo maana nasema ukoo uandikwe.

Sasa, upime? Mwanamke mwenye jeni hilo lenye hitilafu si lazima augue, ingawa uwezekano wake unapita nusu. Mwili ni wako, na majibu utaishi nayo wewe. Nikikuambia usipime, nitakuwa nimenyamaza mara ya pili. Nikikuambia pima, huenda ni moyo wangu tu unatafuta kumsafisha bibi mdogo, nami sipaswi kuutumia mwili wako kwa hilo. Neno liko kwenye ncha ya kalamu, nalizuia kwa shida.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika kila mmoja, umri wa kuugua na umri wa kufa. Umpe daktari. Pengo ni moja, umri ambao mama yangu alianza kuugua. Sina tena wa kumuuliza. Na umwambie kwamba ikiwa kunipima mimi kwanza kutasaidia, nitatoa damu hata kesho.

Baba yako