Nani Amewahi Kuchonga Chungu?

Msomaji wa Morogoro amesoma makala kuhusu makaburi ya kale ya Bura, nchini Niger, na humo akakuta "vinyago vya terakota vilivyochongwa na mafundi hodari". Anauliza kama "terakota" ni Kiswahili.

Neno hilo ni la Kiitaliano, maana yake udongo uliochomwa. Limeshavaa irabu zetu, liingie ngeli ya I-ZI na tuliache lipumzike. Kinachonishangaza ni kwamba msomaji amelikamata neno lisilo na hatia, akayaachia mawili yaliyolizunguka yapite bila kuulizwa.

Kuchonga ni kupunguza: huchongwa mwiko, mzinga, mtumbwi, hata kalamu ya mwanafunzi. Udongo hufinyangwa, na mfinyanzi huongeza tonge juu ya tonge. Tuitazame kazi yenyewe ya Bura, ambako wachimbuaji walianza kufukua mwaka 1983: mtungi mrefu uliofudikizwa juu ya mahali pa maziko, kitako kikiwa juu, na juu ya kitako hicho, katika baadhi ya mitungi, kichwa cha mtu au mpanda farasi, ambaye hatamu na bangili zake ni vipande vya udongo vilivyobandikwa kimoja kimoja kabla ya mtungi kuchomwa. Kisu cha mchongaji kingefanya nini hapo? Waakan wa Ghana, ambao wanawake wafinyanzi ndio waliowafinyangia wafu wao vichwa vya ukumbusho, mahali pa kuviweka walipaita asensie, yaani penye vyungu. Wao hawakusahau kwamba kazi ile ni ndugu wa chungu.

Najua mjuzi mmoja atanitajia mafundi wa Nok, Nigeria, ambao inaelekea waliupunguza udongo kwa kisu kabla haujakauka, mithili ya achongaye mti. Nakubali, shingo upande. Lakini hata wao walianza kwa kufinyanga.

Ama "kinyago", hicho ni cha mti, kiwe cha mpingo wa Wamakonde au cha kuvaliwa usoni ngomani. Siku hizi waandishi wetu wamekigeuza kuwa jina la kila umbo lililotoka mkononi mwa Mwafrika, hata la udongo, hata la shaba, ilhali Mgiriki akitengeneza la kwake, mwandishi yule yule hukumbuka ghafla kwamba lipo neno "sanamu". Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao "sanam" ni mungu wa kuabudiwa. Kwetu harufu hiyo ilikwisha zamani, kwa hiyo hakuna sababu ya kuliogopa.

Basi iandikwe "sanamu za makaburini za udongo wa kuchoma", au, kwa apendaye, "sanamu za terakota", nazo ziwe zimefinyangwa. Anayeng'ang'ania vinyago namruhusu pia, mradi siku akifika Athens atuletee makala juu ya vinyago vya Wagiriki.