Taarifa ya utekelezaji wa mpango mkakati wa makumbusho ya sanaa: kwa anayeiandaa mara ya kwanza

Ukikabidhiwa taarifa ya robo mwaka, usianze kuandika. Tafuta kwanza namba ya kuanzia ya kila lengo: ilikuwa ngapi mpango ulipopitishwa, na ilihesabiwaje. Bila hiyo, "tumefikia asilimia 60" ni maneno matupu, kwani hakuna ajuaye ni asilimia 60 ya nini. Isipopatikana, hesabu leo na uandike tarehe ya leo. Usibuni ya nyuma.

Lengo linalosumbua zaidi ni la kusajili na kupiga picha mkusanyiko. Wengi huhesabu picha zilizopigwa badala ya kazi za sanaa zenyewe. Kinyago cha Kimakonde hupigwa pande nne au zaidi, mchoro wa Tingatinga mbele na nyuma. Picha 900 zinaweza kuwa kazi 300 tu. Kwa hiyo kubalianeni mapema ni kazi ipi imekamilika. Tunashauri mambo matano: namba ya usajili kwenye kazi yenyewe, vipimo kwa sentimita (kimo, kisha upana, kisha kina), picha, maelezo ya hali yake, na mahali ilipo mpaka rafu. Likikosekana moja, haihesabiwi. Asilimia itashuka, iache ishuke.

Kasi nayo hukadiriwa kwa matumaini. Tuseme kuna kazi 4,000 na watu wawili wanamaliza 20 kwa siku: ni siku 200. Ila kuna siku za kubadilisha maonyesho, umeme hukatika, na kazi zenye kioo huakisi taa hadi zitolewe kwenye fremu. Panga siku nne kwa wiki, upate wiki 50.

Kabla ya kutoa namba, ihakiki pande zote mbili. Chukua rekodi 20 bila kuchagua, uzitafute ghalani; kisha chukua kazi 20 rafuni, uzitafute kwenye rekodi. Zoezi la kwanza hufichua zilizopotea au kuhamishwa, la pili zile ambazo hazikuwahi kusajiliwa. Wengi huishia la kwanza.

Idadi ya wageni ni rahisi zaidi, ila kifaa cha mlangoni huhesabu pia walinzi, wafanyakazi na mtoto anayeingia na kutoka mara sita. Simama mlangoni saa moja, hesabu kwa mkono, linganisha. Wanafunzi wa ziara za shule waandikwe safu yao.

Kwenye uhifadhi, epuka wastani wa mwezi. Unyevu wa hewa wa wastani wa asilimia 58 unaweza kuficha usiku kumi wa asilimia 75, na kuvu haioti kwa wastani. Ripoti saa zilizopita asilimia 65. Pwani jambo hili si dogo: hadibodi (mbao za nyuzi zilizoshindiliwa) za michoro ya Tingatinga huvimba kingo, ilhali mpingo uliohamishiwa ghafla kwenye chumba kikavu chenye kiyoyozi hupasuka. Mwanga wa kazi za karatasi usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Rangi za mafuta huvumilia takriban 200.

Lengo lisipofikiwa, andika limekwama wapi: kamera moja, mtu aliyehama, rafu ambazo hazijanunuliwa. "Changamoto za bajeti" peke yake haimsaidii anayetoa fedha. Ambatisha karatasi za kuhesabia zikiwa na tarehe, maana robo ijayo huenda mwandishi asiwe wewe.