Jibu: Kamera inasoma kodi ya QR vizuri ila ncha ya mashine haiingii kwenye kishimo

Salama mkuu. Tatizo lako kama nilivyolielewa: mashine yako ndogo ya kudondosha sampuli kwenye sahani ya maabara yenye vishimo inatumia kamera na kodi ya QR kujua vishimo viko wapi. Kodi inasomwa bila shida, katikati iko sawa, ila vishimo vya pembeni inakosea karibu milimita 2.

Usiguse programu kwanza. Pima kodi yenyewe kwa kalipa (kipimo cha kubana cha milimita), maana ukubwa wake ukikosea na mahali panakosewa. Steshenari zetu hapa Tanga huprinti kwa kutosheza kwenye karatasi ("fit to page"), mraba wa milimita 40 unatoka 38. Unyevu wa pwani nao hukunja karatasi; mimi hubandika kodi juu ya kioo.

Ninachoshuku zaidi ni kimo. Kodi iko mezani, wakati mdomo wa sahani ya vishimo 96 uko juu kwa milimita 14 hivi, na kosa la kuona hukua kadiri unavyoacha katikati ya picha. Inua kodi ilingane na mdomo.

Mpindo wa lenzi, yaani picha kupinda pembeni, utausahihisha kwa OpenCV, programu ya kuchakata picha, ni bure. Na QR ni ya kubebea maandishi bwana. Kwa kupima mahali weka ArUco au AprilTag, alama za mraba zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Halafu jaribu A1 na H12, vishimo vya pembe mbili zinazokabiliana. Vishimo vimeachana milimita 9, katikati hadi katikati. Ikikosea tena, tupia picha hapa.